Jino lisilo na enameli lilidumuje? Kuhusu Galulatherium, na kitaya ulichookota korongoni

“Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkulima, naishi upande wa bonde la Ziwa Rukwa. Kijana wangu wa kidato cha tatu alikuja likizo akanisimulia habari za mnyama mdogo wa kale aliyepatikana huku kwetu, Galulatherium. Anasema meno yake hayakuwa na enameli na yalikua maisha yote. Mimi nimeshang'olewa jino, na daktari aliniambia wazi kwamba enameli ikiondoka, jino halina maisha marefu. Sasa huyo mnyama aliishije? Huenda enameli ililiwa na udongo kwa hiyo miaka mamilioni, na ninyi wataalamu mkadhani hakuwa nayo tangu mwanzo? Na si alikuwa panya tu? La mwisho: mvua zilipokatika niliokota korongoni, nyuma ya shamba, kitaya kidogo chenye meno ya duara kama vijiti, rangi ya kahawia, kizito kwa ukubwa wake. Jirani mmoja anasema nikiloweke kwenye siki kitakate. Mwingine anasema wapo wanaonunua. Nifanye nini?”

Ndugu msomaji, nianze na siki, maana hayo mengine yanaweza kusubiri. Usikiloweke. Siki ni asidi, na jino au mfupa, uwe wa mbuzi aliyechinjwa juzi au wa mnyama wa miaka milioni 80, umejengwa kwa madini ya kalisi ambayo asidi huyala. Ni kweli maabara zetu hutumia asidi kutoa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale, kwenye mawe ya chokaa, lakini ni asidi iliyozimuliwa na kuchanganywa kwa kipimo, mfupa ukiwa umepakwa gundi maalumu, na mtu anakaa anauangalia. Bakuli la siki jikoni litakuachia tope. Dawa ya kuondolea madoa nayo ni vivyo hivyo, na mswaki wenye nyuzi ngumu pia. Kiweke kikavu, kichafu kama kilivyo.

Sasa turudi kwenye wasiwasi wako, ambao nauona kuwa wa maana kuliko unavyodhani. Swali la kama enameli ililiwa na udongo ndilo swali ambalo mtafiti yeyote makini lazima ajiulize kabla ya kuandika kwamba mnyama fulani hakuwa nayo.

Daktari wako hakukudanganya. Jino la binadamu lina tabaka la nje, enameli, ambalo karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini matupu. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini mwako. Chini yake kuna dentini, ambayo madini yake ni kama asilimia 70, na sehemu iliyobaki ni protini na maji. Dentini ni laini zaidi, na imejaa vijimirija vidogo mno vinavyoelekea kwenye moyo wa jino, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana enameli ikitoboka, maji ya baridi yanakufanya uruke. Ubaya ni kwamba seli zinazotengeneza enameli hufa jino linapochomoza kwenye fizi. Baada ya hapo hakuna fundi wa kurudi kuziba. Tena miaka michache baada ya jino kuota, mzizi wake hujifunga chini, ukabaki mwanya mwembamba tu wa kupitisha mishipa. Kwa hiyo jino la mtu mzima haliongezeki hata chembe kwa urefu. Likisagika, limesagika. Kwa jino la namna hiyo, kupoteza enameli ni msiba kweli.

Lakini si kila jino hujifunga. Wapo wanyama ambao mzizi wa jino hubaki wazi maisha yao yote, na pale chini panakaa seli changa zinazogawanyika bila kuchoka na kusukuma tishu mpya juu. Jino hilo hukua kama kucha: linasagika nchani, linaongezeka shinani. Ukifuga sungura unalijua hili hata kama hujawahi kuliwaza. Meno yake ya mbele hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na kama la juu na la chini hayakutani yakasagana, yanajikunja hadi mnyama anashindwa kula. Katika utaratibu huo, enameli si lazima. Inasaidia, lakini jino linaweza kuishi bila yake mradi ukuaji wa chini uwe sawa na msago wa juu.

Mfano mkubwa kuliko wote umetembea Afrika Mashariki miaka yote hii. Pembe za ndovu ni meno, meno ya mbele ya taya la juu, na karibu yote ni dentini. Enameli huwapo kidogo tu nchani wakati ndovu ni mdogo, kisha husagika ikaisha. Yale mazigo yaliyobebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo na kuvushwa Unguja yalikuwa, kwa lugha ya daktari wako wa meno, meno yasiyo na enameli ambayo wenyewe waliishi nayo miaka mingi, wakichimbia na kubandulia magome.

Ndovu hatafuni kwa pembe, utaniambia. Haya, chukua muhanga, yule mchimbaji wa usiku anayeacha mashimo kwenye vichuguu, na bila shaka huko kwenu wapo. Muhanga hana meno ya mbele kabisa. Ana magego, nayo hayana enameli wala mizizi, na hukua maisha yote. Ukilikata gego lake kwa upana ukalitazama kwa hadubini, unaona nguzo ndogondogo za dentini, mamia kwa mamia, nyingi zikiwa na pembe sita, zimebanana, na kila moja ina kijitundu chake katikati kinachopitisha mishipa. Nje kote pamezungushiwa saruji ya jino, tishu ileile inayoshikilia mizizi ya meno yetu kwenye taya. Hakuna mamalia mwingine aliye hai mwenye jino la namna hiyo. Nakiri nina upendeleo: wengi huwapeleka wageni kutazama simba, mimi ningewapeleka kutazama mdomo wa muhanga. Huko Amerika, slothi wanaoning'inia mitini na amadilo wenye magamba nao wana meno ya dentini yanayokua daima.

Mwaka 2009 watafiti walichunguza jeni moja inayohitajika katika kutengeneza enameli kwa mamalia wasio na enameli, na kwa wale wasio na meno kabisa. Waliikuta bado ipo, lakini imeharibika, imekatikakatika, haifanyi kazi. Na imeharibika kwa namna tofauti katika koo tofauti. Maana yake ni kwamba mababu wa wanyama hawa walikuwa na enameli, kisha kila ukoo ukaipoteza kwa njia yake na kwa wakati wake. Jambo hili limetokea mara nyingi, kwa hiyo kulikuta kwa mnyama wa zama za dinosaria si muujiza.

Basi Galulatherium. Kilichopatikana ni kipande cha taya la chini, upande mmoja, kidogo cha kukaa kiganjani na nafasi ikabaki, kutoka kwenye mawe mekundu ya mchanga ya bonde la Rukwa. Mwaka 2003 mtafiti David Krause na wenzake walikitangaza bila kukipa jina. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Patrick O'Connor wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, ikakirudia kwa vifaa bora na kukipa jina kamili, Galulatherium jenkinsi: la kwanza kwa ajili ya tabaka la mawe liitwalo Galula, la pili kumuenzi Farish Jenkins, profesa wa Harvard aliyekuwa bingwa wa mamalia wa kale. Umri wake ni wa Kretasia ya Mwisho, kati ya miaka milioni 100 na 66 iliyopita. Kwa bara zima la Afrika, katika kipindi chote cha Kretasia ya Mwisho, kilipotangazwa hakukuwa na kisukuku cha mamalia kilichokamilika kuliko hicho kitaya kimoja.

Kilichofanya kazi ya 2019 iwezekane ni mashine ya CT, ileile kanuni ya hospitalini lakini yenye kuona vitu vidogo sana. Taya lilipigwa picha tabaka kwa tabaka bila kukwanguliwa. Ndani yake yakaonekana meno marefu yaliyozama kwenye mfupa, wazi upande wa chini, hayana mizizi iliyojifunga. Mbele kulikuwa na jino kubwa lililolala kuelekea mbele, nyuma yake meno ya kutafunia yaliyo rahisi mno, kama vigingi. Enameli haikuonekana.

Na hapa ndipo jibu la shaka yako lilipo. Udongo ukianza kula jino, huanza na dentini, kwa sababu ni laini, ina vijitundu, na ina protini ambayo vijidudu huipenda. Enameli ndiyo hubaki mwisho. Katika visukuku vingi vya mamalia, kilichobaki cha mnyama mzima ni kofia ya enameli ya jino moja. Kwa hiyo udongo uliokula enameli yote na kuacha dentini imesimama safi ungekuwa umefanya kazi kinyumenyume. Kuna ushahidi wa pili pia. Sehemu ya jino iliyozama ndani ya taya haijaguswa na chakula wala na meno ya juu. Kama mnyama alikuwa na enameli iliyosagika tu kwa kutafuna, ingepaswa kuwapo huko ndani, na kwenye picha za CT ingeng'aa kuliko dentini kwa sababu ina madini mengi zaidi. Mpelekee kijana wako hoja hiyo ya pili, naona ndiyo itakayomkolea.

Alikuwa panya? Hapana, na hapa sina haja ya kupepesa maneno. Panya na wagugunaji wenzake hawakuwapo bado. Visukuku vyao vya kwanza tunavyovijua ni vya baada ya dinosaria kutoweka. Tena jino la mbele la panya lina enameli upande wa nje tu, dentini upande wa ndani. Upande laini unasagika haraka, mgumu unabaki, na ndiyo maana linajinoa lenyewe kila siku. Jino la dentini tupu halijinoi hivyo, linakuwa butu. Hiyo ni hasara halisi ambayo wanyama hawa waliilipa. Walipata jino lisiloisha, wakakosa makali na vinundu vya kukatia.

Alikuwa wa ukoo gani basi? Mwaka 2003 aliwekwa kwa tahadhari karibu na gondwanatheria, kundi la mamalia waliotoweka ambao mabaki yao yamepatikana Ajentina, India na Madagaska, nchi ambazo zamani ziliungana na Afrika katika bara kuu la Gondwana. Madagaska ndiko lilikotoka fuvu zuri la Vintana, lililotangazwa 2014, na mifupa ya karibu mwili mzima ya Adalatherium, 2020. Baadhi ya wanyama wa kundi hilo nao walikuwa na meno marefu ya kutafunia, lakini enameli walikuwa nayo. Waandishi wa 2019 hawakumfunga Galulatherium moja kwa moja kwenye kundi hilo, nami naona walifanya vyema. Sisi tunatambua koo za mamalia kwa vinundu na mabonde ya uso wa jino, na huyu hana uso wa kusomwa. Kutokuwa na alama si undugu. Muhanga na slothi wote hawana enameli, na si ndugu wa karibu hata kidogo.

Hata chakula chake usikiamini haraka. Kijana wako huenda ameambiwa kwamba meno yanayokua daima ni ya mla majani magumu au mizizi yenye mchanga, na mara nyingi ni hivyo. Lakini slothi anakula majani, muhanga anakula mchwa na sisimizi, na wote wawili wana meno ya namna hii. (Muhanga hula pia tunda moja la jamii ya matango linalokomaa chini ya ardhi, analifukua ili apate maji.) Jino la hivi linasema kwa uhakika jambo moja: mdomoni mwa mnyama huyu kulikuwa na msago mwingi. Uwe ulitoka kwenye jani, mzizi au mchanga uliobebwa na mdudu, matokeo kwenye dentini ni yaleyale.

Na kama unataka kuona jinsi meno yanavyoweza kupotosha, hayo mawe mekundu ya kwenu yametoa pia Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa 2010, mamba mdogo wa ukubwa wa paka aliyekuwa na magego. Magego kweli, yenye kingo za kukutana na kukata, kama ya mamalia. Jina lake la pili linamuenzi marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi bonde moja, mamba ana meno ya mamalia, mamalia ana vigingi ambavyo ungedhani ni vya mjusi. Kama tungeokota meno peke yake bila taya, tungewapachika wote wawili mahali pasipo pao.

Hilo linanileta kwenye kitaya chako, na hapa nitakuwa mkweli ingawa huenda nikakuvunja moyo kidogo. Mataya mengi yanayookotwa makorongoni ni ya wanyama wa juzi. Meno ya duara kama vijiti huwa nayo kenge, hasa mzee, kwa kuwa meno yake ya nyuma huwa butu kwa kuvunja makombe ya konokono na kaa. Huwa nayo mamba mdogo. Fuko naye ana magego madogo ya duara. Rangi ya kahawia haithibitishi kitu, udongo mwekundu hupaka mfupa rangi hiyo ndani ya miaka michache. Uzito una maana zaidi, maana mfupa ulioingiwa na madini huwa mzito kwa namna ambayo mkono unaitambua, lakini nao peke yake hautoshi.

Unaweza kutazama bila kukwangua chochote. Washa kamera ya simu, isogeze karibu, uangalie ubavu wa taya. Kwa mamalia, kila upande wa taya la chini ni mfupa mmoja tu. Kwa kenge na mamba utaona mistari ambapo mifupa kadhaa imeungana. Kisha angalia meno yameshikaje. Ya kenge yamegandishwa kwenye ukingo wa ndani wa taya, hayamo shimoni. Ya mamba yamo mashimoni, ila ni matupu ndani, na likivunjika mara nyingi utakuta jingine dogo linasubiri chini yake. Kama ni mfupa mmoja usio na maungio, meno yamo mashimoni, na yamejaa badala ya kuwa matupu, basi una mamalia mkononi. Kama mbele kuna jino refu lililopinda lenye uso wa rangi ya machungwa, huyo ni mgugunaji, na huenda wala si wa kale.

Hata akiwa wa kale si lazima awe Galulatherium. Mawe ya bonde lenu ni ya rika tofauti. Kuna ya Kretasia, na kuna tabaka la Nsungwe la miaka milioni 25 hivi, lililotoa Rukwapithecus, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe aliyetangazwa 2013. Kuna pia matope ya ziwa ya karibuni zaidi. Ni mwamba uliokitoa ndio utakaosema rika lake, na ndiyo sababu nakusisitizia mahali kuliko mfupa wenyewe. Rudi ulipokiokota, piga picha ya ukingo wa korongo ukiwa mbali, kisha karibu, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, na uhifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Kama kilikuwa kimelala chini, angalia mvua ingekitoa wapi kwa juu, na andika rangi ya mawe ya huko. Kizungushie tishu laini, ukitie kwenye kopo lenye kifuniko. Usikipake gundi ya haraka wala vanishi, kwa sababu kuitoa baadaye ni kazi ya mateso.

Kuhusu kuuza, hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, na inamtaka aliyeokota atoe taarifa serikalini. Kuchimba na kusafirisha nje kunahitaji kibali. Huyo mnunuzi hatakuuliza korongo liko wapi, na kisukuku kisicho na mahali hakina cha kutuambia. Wala sitakuahidi donge nono ukikipeleka panapostahili. Omba tu stakabadhi yenye tarehe, jina lako kama mgunduzi na mahali ulipokipata, na usikiachie kabla hujaipata.

Anzia kwa mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya, umwombe akuunganishe na Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ambako taya la Galulatherium limesajiliwa. Tanguliza picha, maana mara nyingi picha nzuri ya ubavu na ya juu inatosha kusema kama ni kenge na kukuokolea nauli. Lakini kama ukirudi korongoni ukakuta kipande kingine kimechomoza kwenye ukingo wa mwamba, usingoje kujibiwa kwa picha, wala usikivute hata kama kinacheza. Weka lundo la mawe juu ya ukingo kama alama, uwazuie watoto na mbuzi kupita hapo, na umfuate afisa utamaduni siku hiyohiyo, hasa kama mvua zinazofuata ziko karibu.